Baridi yabisi: namna ya kufuatilia vipimo vyako ukiwa huku huku Mtwara na Lindi

Mtu akishaambiwa na daktari kwamba yale maumivu ya vidole na kule kukakamaa asubuhi ni baridi yabisi ya rumatoidi, yaani kinga yake mwenyewe ndo inashambulia utando wa ndani ya viungo, basi ndugu wanaitana kikao, na kwenye kikao hakosi mjomba wa kusema mgonjwa apelekwe Dar akapige MRI, ile picha ya mashine kubwa ya sumaku, ziuzwe korosho zilizobaki ndani na ikibidi mbuzi aende. Mimi nasema subirini kwanza. Mama yangu yuko Tandahimba, mimi niko Mtwara mjini na ndo ninayeshika makaratasi yake yote, na nilichoelewa kwa madaktari wanaomuona ni kwamba ugonjwa huu haufuatiliwi kwa kipimo kimoja kikubwa cha bei mbaya. Unafuatiliwa kwa vipimo vidogo vidogo vinavyorudiwa na kuandikwa sehemu moja, na vingi vyake vinapatikana huku huku kusini.

Na hata wenzetu wenye mashine kila kona wamelipima hilo. Norway walifanya utafiti unaitwa ARCTIC, matokeo yakatoka 2016, wagonjwa ambao ugonjwa ndo umeanza wakagawanywa, kundi moja linapigwa ultrasaundi ya viungo na dawa zinabadilishwa kufuata picha, kundi lingine daktari anashika viungo kwa mkono na kuangalia damu basi, na baada ya miaka miwili wale wa ultrasaundi hawakuwa na hali nzuri zaidi ya wenzao. Denmark nao 2019 wakatoa matokeo ya IMAGINE-RA, hiyo ilikuwa ya MRI kwa watu ambao ugonjwa umeshatulia, MRI haikuongeza idadi ya waliopata nafuu kamili wala haikuzuia mifupa kulika kuliko njia ya kawaida, ila waliofuatiliwa kwa MRI waliongezewa dawa nyingi zaidi na madhara makubwa kwao yakawa mengi zaidi. Kwahiyo mjomba anyamaze kidogo, mbuzi abaki bandani.

Sasa tuanze.

Kwanza elewa kipimo kinapima nini

Hapa ndo watu wengi wanachanganya. Vipimo anavyoandikiwa mgonjwa wa baridi yabisi vina kazi mbili tofauti kabisa. Kuna vinavyoangalia ugonjwa wenyewe umewaka au umetulia, na kuna vinavyoangalia kama dawa zinamuumiza, yaani ini, figo na uboho unaotengeneza damu. Mtu anaweza kuwa na ugonjwa umetulia kabisa huku ini linalalamika, na mwingine ini lake safi ila viungo vinaliwa polepole. Ukimsikia mtu anasema "nimepima damu nimeambiwa iko safi", muulize damu ipi, ya ugonjwa au ya dawa? Mara nyingi hajui, na siku hiyo alipimwa moja tu kati ya hizo.

Kwahiyo kabla hujatoka chumba cha daktari uliza kwa adabu tu, "daktari, hivi vya leo ni vya kuangalia ugonjwa au vya kuangalia dawa?" Hawakasiriki. Wengine wanafurahi kabisa kuona mtu anafuatilia.

Daftari

Nunua kaunta buku, sio karatasi moja moja. Chora mistari, kila safari ya maabara iwe na mstari wake: tarehe, maabara gani, ESR na CRP (hivi nitavieleza chini), Hb (wingi wa damu), seli nyeupe, pletileti (chembe za kugandisha damu), ALT (ya ini), kreatinini (ya figo), viungo vingapi vinauma, vingapi vimevimba, asubuhi anakakamaa dakika ngapi, anakunywa dawa gani na dozi gani, alafu mwisho acha nafasi pana ya mengineyo. Hiyo mengineyo usiidharau. Pale ndo unaandika "wiki iliyopita alikuwa na malaria", "ana mafua", "UTI", "ametoka kuokota korosho", "ameacha dawa kwa sababu ziliisha". Bila hiyo safu namba zote zinakuwa za kubahatisha.

Maabara iwe ile ile kila inapowezekana. Mashine zinatofautiana na viwango vya kawaida vinatofautiana, ukipima leo Hospitali ya Ligula kesho Ndanda keshokutwa maabara ya mtaani, hutajua kama CRP imepanda au umebadilisha mashine tu. Na ukipewa CRP angalia kimeandikwa mg/L au mg/dL, maana tofauti yake ni mara kumi, 2 ya mg/dL ni sawa na 20 ya mg/L, na nimeona watu wakishangilia kushuka ambako hakukuwepo. Kitu kingine kuna maabara zinapima CRP kwa kile kipimo cha haraka alafu wanakuandikia "positive" tu. Maabara moja ya mtaani walitupa karatasi ya hivyo na hela wakachukua kamili. Positive haifuatiliki jamani, leo positive mwezi ujao positive, umejifunza nini? Kabla hujalipa uliza, "dada, majibu yanakuja na namba?" Kama hayana namba tafuta kwingine.

Viungo vyenyewe, hii ni bure

Watu wanakimbilia damu na mashine wakati kipimo chenye nguvu kuliko vyote ni vidole vya daktari kwenye viungo vya mgonjwa. Kuna hesabu inaitwa CDAI, haihitaji maabara kabisa, umeme ukikatika inafanyika, na hata daktari wa wilaya akiwa na dakika tano anaifanya. Inahesabiwa hivi. Kuna viungo 28: mabega mawili, viwiko viwili, vifundo vya mikono viwili, magoti mawili, alafu kila mkono maungio matano pale vidole vinapoanzia kwenye kiganja na matano ya katikati ya vidole pamoja na la dole gumba. Unabonyeza kila kimoja, vinavyouma unahesabu, unaangalia vilivyovimba navyo unahesabu. Mgonjwa anajipa alama 0 hadi 10 ugonjwa unamsumbua kiasi gani, 0 hausumbui kabisa. Daktari naye anatoa yake 0 hadi 10. Unajumlisha vyote vinne.

Mfano vinauma 6, vimevimba 4, mgonjwa kasema 5, daktari kasema 4, jumla 19. Ikiwa 2.8 kushuka chini ugonjwa umetulia kabisa, hadi 10 uko chini, zaidi ya 10 hadi 22 ni wa kati, ukivuka 22 umewaka sana. Kwahiyo huyu wa 19 ni wa kati na dawa zinatakiwa kuangaliwa. Akirudi baada ya miezi mitatu vinauma 3, kimevimba 1, yeye 3, daktari 2, jumla 9, basi dawa inafanya kazi na umeiona kwa macho bila kulipa kitu.

Nyumbani unaweza kuhesabu vinavyouma na kuandika muda wa kukakamaa asubuhi. Kuvimba mwachie mwenye mkono uliozoea, maana kiungo kilichovimba kwa ugonjwa huu kinakuwa laini ukikibonyeza, kinabonyea, wakati kile cha uzee kinakuwa kigumu mfupa mtupu. Na vifundo vya miguu pamoja na vidole vya miguu havimo kwenye zile 28, hilo ni pengo kweli kweli, maana kuna watu ugonjwa wao uko miguuni. Kama anachechemea asubuhi akikanyaga chini mwambie daktari amvue na viatu aangalie, asiishie mikononi.

Kuna hili la kwetu. Msimu wa korosho mama anashinda anainama kuokota na kunyofoa korosho kwenye bibo, dole gumba na vifundo vinauma kwa kazi tu hata kwa mtu mzima wa afya. Maumivu ya kazi yanazidi jioni na kupungua akipumzika usiku. Ya ugonjwa yanamkuta kitandani alfajiri, hawezi kufunga ngumi, hawezi kushika kikombe, na inachukua saa nzima au zaidi viungo kulegea. Ndo maana dakika za asubuhi ziandikwe, zinasaidia kutenganisha.

ESR na CRP

Hivi viwili ndo vya damu vya kuangalia ugonjwa. ESR ni damu inawekwa kwenye mrija mwembamba unasimamishwa saa moja, wanaangalia seli nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Ugonjwa ukiwaka zinashikamana na kushuka haraka. Kwa kawaida mwanamke chini ya miaka 50 isizidi 20, juu ya 50 isizidi 30, mwanaume 15 na 20. Ni rahisi, ni ya zamani, karibu kila hospitali inaifanya. Ubaya wake inachelewa, ugonjwa ukishatulia inaweza kuchukua wiki kadhaa ndo ishuke, alafu inadanganywa na vitu vingi: upungufu wa damu unaipandisha, mimba inaipandisha, umri unaipandisha, na mwenye sikoseli inaweza kuonekana ndogo wakati mwilini kunawaka. Kama una sikoseli mwambie daktari ategemee CRP zaidi.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Inapanda ndani ya saa chache na kushuka haraka sababu ikiondoka, ndani ya siku chache unaona. Maabara nyingi zinaweka kawaida chini ya 5 au chini ya 10 mg/L. Kwa kufuatilia mimi naipenda hii kuliko ESR, hela ikiwa ya kimoja tu chukua CRP.

Lakini sasa tuko kusini. Malaria ipo, na malaria inapandisha CRP kuliko hata baridi yabisi. UTI hivyo hivyo, nimonia, jipu, jino bovu, kidonda cha mguu. Mtu anatoka Nanyamba ana homa, anapima CRP inakuja kubwa, wanamuongezea dawa za kushusha kinga wakati tatizo ni vimelea, hiyo ni hatari. Ukiwa na homa au ulikuwa nayo wiki hizi sema kabla hujatolewa damu, pimwa malaria na mkojo siku hiyo hiyo, na kama si dharura hiki cha baridi yabisi kisubiri wiki mbili tatu baada ya kupona.

Kingine ni prednisoloni, ile dawa ya steroidi inayotuliza uvimbe haraka. Mtu anajua Jumatatu ana kliniki, Ijumaa Jumamosi anajiongezea vidonge ili afike anatembea vizuri, majibu yanakuja mazuri, viungo havijavimba, daktari anasema endelea hivyo hivyo, alafu wiki inayofuata yuko chini. Chochote ulichokunywa kiandikwe, na diklofenaki za maumivu za dukani pia, na zile dawa za unga zisizo na lebo zinazouzwa mnadani pia. Prednisoloni yenyewe usiiache ghafla kama umeitumia muda mrefu, inapunguzwa taratibu na daktari.

Na usishangae ESR na CRP kuwa kawaida huku viungo vimevimba. Wapo wagonjwa wa namna hiyo na si wachache. Hapo viungo ndo vinaaminiwa, sio karatasi. Ukisikia "majibu yako mazuri mama, huumwi" wakati vidole haviingii pete, omba vishikwe vihesabiwe.

RF na anti-CCP, yaani kingamwili zinazopimwa kwenye damu, hivi ni vya kutambua ugonjwa mwanzoni, havipimi umewaka kiasi gani. Ukishapima mara moja ikawa imeandikwa, hakuna haja ya kurudia kila kliniki, na hapo ndo hela nyingi za watu zinapotea. RF inaweza kuwepo kwa mtu mwenye hepataitisi C, TB au mzee tu asiyeumwa chochote, anti-CCP ndo inaaminika zaidi ingawa nayo TB inaweza kuichanganya. Zikiwa zote mbili ziko juu sana maana yake ugonjwa una tabia ya kula mifupa haraka, hiyo ndo faida yake, daktari asisubiri sana kuubana ugonjwa kwa dawa.

Utaratibu unaotumika duniani sasa hivi ni kwamba ugonjwa ukiwa umewaka mgonjwa aonwe kila mwezi mmoja hadi mitatu, kama miezi mitatu imepita hakuna unafuu wowote au miezi sita lengo halijafikiwa, dawa zibadilishwe. Ukiona mwaka unakatika unaandikiwa kile kile na CDAI iko 20 na kitu, fungua daftari mbele ya daktari umuoneshe mistari yote.

Damu za kuangalia dawa

Wengi huku wanaanzishiwa methotreksati, dawa ya kutuliza ugonjwa wenyewe. Hii inamezwa mara MOJA KWA WIKI. Sio kila siku. Chagua siku, iandike ukutani, ndani ya familia kila mtu aijue, na mgonjwa akilazwa kwa jambo lingine nesi aambiwe, maana kumezwa kila siku kumeua watu sehemu nyingi duniani. Inaambatana na foliki asidi.

Kabla ya kuanza unatakiwa upimwe picha nzima ya damu ambayo kwenye karatasi utaona FBP, ini, figo, hepataitisi B na C, VVU, eksrei ya kifua, na mwanamke anayeweza kushika mimba apimwe mimba, kwa sababu dawa hii inaharibu mtoto tumboni na uzazi wa mpango ni lazima. Ukitaka kuzaa ongea na daktari mapema, kuna dawa nyingine.

Ukishaanza, FBP, ini na kreatinini zinarudiwa kila wiki mbili hadi nne kwa miezi mitatu ya mwanzo, baadae zinaachana, mpaka kufika kila wiki 12 hivi. Dozi ikipandishwa mnarudi kupima karibu karibu tena. Damu ya ini usitoe kesho yake baada ya kumeza, ALT inaweza kupanda kidogo siku moja mbili za mwanzo ikawatisha bure, kama unameza Jumapili basi toa kuanzia Alhamisi au hata Jumapili yenyewe kabla hujameza. Vipimo hivi havihitaji kufunga kula. Sukari ndo inahitaji, na anayekunywa prednisoloni apimwe sukari na presha mara kwa mara.

Namba za kukufanya upige simu badala ya kusubiri kliniki: seli nyeupe chini ya 3.5, nutrofili (aina mojawapo ya seli nyeupe) chini ya 1.6, pletileti chini ya 140, ALT au AST (nayo ya ini) kuvuka 100, kreatinini kupanda zaidi ya asilimia 30 ya ile yako ya kawaida. Hizo ni za mwongozo wa Uingereza, daktari wako anaweza kuwa na zake kidogo tofauti. Angalia pia mwelekeo, pletileti zikitoka 320 zikaja 240 zikaja 170 bado ziko juu ya mstari lakini zinateremka, hilo daftari litakwambia kabla maabara haijaweka alama nyekundu. Hb ikishuka kunaweza kuwa ugonjwa wenyewe umewaka, au tumbo linavuja damu kwa sababu ya diklofenaki, uliza kama choo kimekuwa cheusi.

Alafu Septrini. Hii naisisitiza. Methotreksati na Septrini haziendi pamoja, zikikutana zinaweza kuzima uboho kabisa. Na Septrini huku ni ya kila duka, kikohozi Septrini, kuhara Septrini, mkojo kuuma Septrini, na wenye VVU wengine wanaimeza kila siku kwa kinga. Kila ukienda duka la dawa sema "natumia methotreksati". Kama daktari wa CTC, kliniki ya VVU, ndo anakupa, hao madaktari wawili waongee.

Homa ukiwa kwenye dawa hizi usiishie kipimo cha malaria. Kikiwa hasi omba FBP siku hiyo hiyo, na hata kikiwa chanya kama kuna vidonda mdomoni, mavilio ya damu chini ya ngozi yasiyo na sababu au fizi zinatoka damu, FBP ipimwe na methotreksati isimamishwe mpaka daktari aseme. Kikohozi kikavu na pumzi kubana nako kusichukuliwe kirahisi. Kipindi cha kupuliza salfa kwenye mikorosho kila mtu anakohoa, mama naye atasema ni salfa tu hii, lakini methotreksati inaweza kuwasha mapafu na TB nayo inapenda wenye kinga ndogo, kwahiyo kifua kipigwe eksrei na makohozi yapimwe.

Kuna dawa nyingine za ugonjwa huu. Wanaotumia haidroksiklorokwini damu zao hazina shida sana, shida iko jichoni: macho yaangaliwe ndani ya mwaka wa kwanza, na ikifika miaka mitano yawe yanaangaliwa kila mwaka. Sulfasalazini nayo inataka kupimwa FBP na ini. Leflunomaidi hivyo hivyo, ongeza na kupima presha.

Picha

Eksrei ni sawa na kwenda shambani moto ukishapita, unahesabu mikorosho iliyoungua. Inakuonesha mfupa ulioliwa, nafasi kati ya mifupa ilivyopungua, mfupa karibu na kiungo ulivyokuwa mwepesi. Haioneshi kinachowaka leo. Ndo maana mwanzoni mwa ugonjwa eksrei inaweza kuwa safi kabisa na mtu anaumwa kweli, na ndo maana haina sababu ya kupigwa kila mwezi. Ile ya kwanza ipigwe ugonjwa unapogundulika, baada ya hapo kila mwaka hivi kwa miaka ya mwanzo, ugonjwa ukitulia muda mrefu zinaachana zaidi.

Omba iandikwe mikono yote miwili NA miguu yote miwili pale mbele kwenye vidole. Wengi wanapiga mkono unaouma tu. Mfupa wa mguu, hasa kwenye ungio la chini la kidole kidogo, mara nyingi unaanza kuliwa kabla ya mkono na mtu hata hasikii. Na picha ya mwaka huu ipigwe kwa mkao ule ule wa mwaka jana, mkono umelala gorofa, la sivyo haulinganishi kitu. Ya zamani uende nayo, mweleze mtu wa eksrei tunalinganisha na hii. Vua pete na bangili. Mionzi ya mikono na miguu ni kidogo mno, isikutishe, ila mwenye mimba aseme.

Eksrei zipo Ligula, Sokoine pale Lindi, Ndanda, Nyangao, na Hospitali ya Kanda pale Mitengo. Kwa anayetoka Masasi au Nachingwea hakuna sababu ya kupanda gari mpaka mjini kwa ajili ya picha ya vidole.

Shingo watu wanaisahau. Ugonjwa ukiwa wa miaka mingi unaweza kulegeza mfupa wa kwanza na wa pili wa shingo. Kisogo kikiuma, mikono ikifa ganzi, au ukiinamisha kichwa unasikia shoti inashuka mgongoni, omba eksrei ya shingo ya pembeni, moja umeinama na moja umeinua kichwa, taratibu bila kulazimisha. Na kabla ya operesheni yoyote ya kulazwa usingizi, ngiri, uzazi, chochote, mtu wa usingizi aambiwe una baridi yabisi, maana anapokulaza kuweka mpira wa hewa anakunja shingo hiyo hiyo.

Ultrasaundi ya viungo ni nzuri, haina mionzi, inaona utando uliovimba, maji, na ikiwa na dopla inaona damu inayozunguka pale panapowaka. Tatizo ni mkono wa anayeipiga. Huku wengi wamebobea mimba na tumbo, kwahiyo piga simu uliza kama yupo anayepiga viungo na kama mashine ina dopla, kabla ya kulipa nauli. Inalipa pale ambapo mambo yanagongana: CRP iko chini, CDAI haieleweki, kifundo kimoja kimegoma. Kila mwezi? Hapana.

MRI inaona uboho wa mfupa uliovimba kabla haujaliwa, hilo eksrei haioni, na inafaa sana kwa shingo yenye dalili za mishipa ya fahamu kubanwa. Ukiandikiwa kwa sababu hiyo nenda, mbuzi auzwe. CT, ile eksrei ya kompyuta, kwa kufuatilia vidole sio kipimo chake.

Mpangilio wa mwaka kwa watu wa kusini

Sisi tumeweka vipimo vikubwa Septemba kabla msimu wa korosho haujakolea, kwa sababu ikifika Oktoba mpaka Desemba hakuna anayetaka kutoka shamba, na mama atakwambia hajambo hata kama hawezi kufunga kifungo cha gauni. Dawa za msimu mzima zichukuliwe kabla. Januari mvua zimeshika na malaria imepanda, hapo FBP isirukwe. Kama ana bima, uliza dirishani kipimo gani kinalipiwa kabla damu haijatoka, na karatasi ya daktari iwe imetaja kipimo kwa jina, sio "vipimo vya damu".

ESR isikae njiani, damu yake inatakiwa ipimwe ndani ya saa nne hivi ikiwa joto la kawaida, kwahiyo usikubali itolewe zahanati asubuhi isafiri na bodaboda mpaka jioni. Mgonjwa aende mwenyewe.

Akipewa rufaa kwenda Muhimbili, daftari lipigwe picha kurasa zote ubaki nazo kwenye simu. Bahasha ya eksrei ikae kwenye begi la mkononi, isikunjwe, isiingie kwenye buti la basi, joto la kule na unyevu vinafanya filamu zishikane na ukizibandua picha ya miaka ya nyuma imeondoka na rangi.